Neno la Mzani

Kaka yangu mkubwa ni mkata vioo, na sitamsifu kwa sababu tu ni ndugu yangu. Kuna siku natamani nimzabe kibao kwa upole wake. Lakini haki ya mtu mpe. Karakanani anapofanya kazi ni mtu wa kutumwa: leta ngazi, shika hapa, fagia pale. Jumamosi akienda klabu ya shabaha, kwenye ghala tupu nyuma ya kiwanda cha magodoro, alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko walimwita Mzani, na hakuna aliyenunua upinde bila kumuuliza.

Hawatumii upinde wa mti. Wao wana upinde wa kapi, wenye vigurudumu juu na chini. Ukishauvuta mpaka mwisho, vigurudumu vinakupunguzia uzito, ukalenga karatasi yako kwa utulivu. Ni kitu cha gharama, na wauza duka wanajua. Mgeni akija na akiba yake, anaonyeshwa upinde wa rangi za jeshi na kuambiwa mshale wake utakwenda kasi kuliko wa jirani. Kaka anauliza, "Kasi ya nini? Karatasi haijawahi kumkimbia mtu." Watu wanacheka, ila wanasikiliza. Kwanza anakwambia utanue mikono akupime, maana upinde usiolingana na mkono wako ni kama kiatu cha kuazima. Kisha anakuvutisha ukiwa umekaa kitini. Ukitetemeka, anasema punguza uzito, acha ubishi. Mwisho anauliza kama umebakiza hela ya mishale. Wengi huwa hawajabakiza.

Alikuwa amegundua upinde mmoja wa bei nafuu, mweusi, usio na jina kubwa wala mbwembwe. Alinunua wake, akaupiga msimu mzima, akasema, "Unatosha." Kwa neno hilo, fundi cherehani mmoja wa klabu akanunua, na wengine wakafuata. Kisha mwenyekiti akamwambia klabu itanunua pinde kama hizo kwa wanaoanza wasio na uwezo, kwa kumwamini yeye, na yeye ndiye atakuwa msimamizi wa vifaa, apewe chumba na ufunguo wake. Jamani, kaka hajawahi kupewa ufunguo wa kitu chochote maishani. Alikuja kwangu kunieleza, akashindwa hata kukaa. Nilimtania kwamba sasa tutamwona kwa miadi.

Upinde wake aliuhifadhi kwa Mama, chumba cha nyuma, kwa sababu chumba anachopanga yeye kinavuja. Kila Jumamosi asubuhi aliupitia kabla ya kuondoka nao. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha taratibu juu ya mabawa, yaani vile vipande viwili vinavyopinda ukivuta. Ufa mdogo jicho halioni, lakini pamba inanasa. Wiki ile klabu ilipokuwa tayari kuagiza, pamba ikanasa. Ilinasa bawa la juu, ikanasa na la chini.

Ufa wa namna hiyo kila mlenga shabaha anajua unatoka wapi. Mtu amevuta, akaachia kamba bila mshale. Nguvu iliyokuwa iondoke na mshale inarudi kwenye upinde wenyewe na kuupasua. Ni jambo la kwanza kukatazwa ukiingia klabu. Kaka akamwendea Mama jikoni, akamuuliza kwa adabu kama kuna mtu ameushika upinde wake. Mama akasema ufunguo wa chumba kile analala nao, hata panya hajaingia. Akaapa kwa kaburi la baba yetu.

Basi. Macho yake yalimwambia hivi, mama yake akamwambia vile, naye akamwamini mama yake. Kama hakuna aliyeugusa, ina maana upinde wenyewe ni mbovu. Na kama ni mbovu, yeye ndiye aliyewatia wenzake hatarini, maana bawa likipasuka karibu na uso linaweza kukutoa jicho. Alikwenda klabu mbiombio, akasimama mbele ya watu wote. "Nilikosea," akasema. "Pinde hizi msizinunue, na aliye nao asiuvute tena." Fundi cherehani akabisha, akasema wake mzima, pamba haijanasa hata mara moja. Kaka akamsihi auache hivyo hivyo, machozi yakimlengalenga.

Mwenyekiti nitamlaumu kwa lipi? Aliagiza zile za rangi za jeshi, chache, ndizo fedha zilizotosha, na wanaoanza sasa wanapokezana kama wagonjwa kwenye foleni ya dawa. Ufunguo akapewa muuza duka aliyeziuza. Hakuna aliyemtukana kaka. Waliacha tu kumuuliza. Baadaye akaacha kwenda, akaanza kuomba zamu za Jumamosi karakanani.

Mimi nilikuja kujua baadaye, tena kwa kicheko. Mdogo wetu, kitinda mimba, tunamwita Bosi kwa sababu hajawahi kuosha hata kikombe chake. Alikuwa karibu kuoa. Mchumba wake alikuja kwa Mama, tukawa tunaosha vyombo pamoja, akaanza kunisimulia vituko vya mwanamume wake. Kumbe siku aliyoletwa kutambulishwa, Bosi alitaka kujionyesha, akautoa upinde wa kaka chumbani, akauvuta pale sebuleni, akauachia. "Ulilia paa! Mama akatuambia tufunge midomo," akasema binti wa watu, hana hili wala lile, anacheka na sufuria mkononi.

Nilimfuata Mama uani, mikono yangu ina povu. Sikuzunguka. Wala hakukana. Alisema hakutaka ugomvi harusi ikiwa mlangoni, wakwe wangemwonaje Bosi? Nikamuuliza, na kaka je?

"Kaka yako ana kifua," akasema. "Yeye huwa anabeba."

Mwanamke yule alinizaa, nampenda, na siku ile nilimchukia.

Nikaenda moja kwa moja karakanani. Kaka alikuwa ameinamia kioo cha dirisha. Akaweka kisu chake chini, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Nikamwambia twende kwa mwenyekiti leo hii, upinde wako haukuwa na kasoro, neno lako lilikuwa sawa tangu mwanzo. Hakusogea. Akajifuta vumbi la kioo vidoleni, kidole kimoja kimoja.

"Nikaseme nini? Kwamba mama yangu aliapa uongo?"

Nikamjibu ndiyo, kaseme hivyo hivyo. Akatikisa kichwa. Akaniomba jambo moja tu, nisimwambie Mama kwamba yeye ameshajua. Alisema Mama ataona haya kumtazama. Nilimwita mjinga, nikaondoka nalia njia nzima kama mtoto.

Harusi ikapita salama, kila mtu kapendeza. Baadaye wakwe wa Bosi walikuja kwa Mama kula chakula cha mchana, na baba mkwe, mzee mcheshi, akamuuliza kaka kama bado analenga shabaha. Kabla kaka hajafungua mdomo, Mama akamjibia. Akasema mwanawe aliingizwa mjini na upinde wa bei ya chini, na rahisi ni ghali. Tangu utoto, maskini, hajui kuchagua kitu kizuri. Wageni wakacheka. Bosi naye akacheka, mdomo umejaa.

Nilishika ukingo wa meza. Nilimtazama kaka, nikisubiri aseme, hata neno moja, na mimi ningemalizia yaliyobaki.

"Ni kweli, Mama," akasema, akamsogezea jagi la maji.