Waya Uliopita Dirishani

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, na hunirudia kila upepo wa ziwani unapoanza kupiga mapazia. Leo umeanza tangu saa saba mchana. Ndiyo maana unaniona nakaa, nainuka, nakaa tena. Usinicheke, mwanangu. Umejenga vizuri hapa Gihosha, wewe na mkeo, hongereni, vioo kutoka chini mpaka juu, mji wote mnauona mpaka ziwani. Na upepo nao unawaona. Basi niache niseme nikiwa nimesimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimeolewa mtaa wa Jabe, huko chini mjini, nyuma ya soko. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani, siku mbili yuko nyumbani. Tulibaki watatu: mimi, binti yangu wa kwanza Rehema, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na mama mkwe wangu, Bi Mwajuma. Huyo mama, Mungu amrehemu, alikuwa na maneno machache na macho mengi.

Nyumba haikuwa na umeme wake. Tulikuwa tumeomba konteri yetu ya kupimia umeme, tukaambiwa tungoje, tukangoja mpaka tukachoka. Nami nilikuwa na cherehani mpya ya mota, na Idi ilikuwa inakaribia, wateja wa kanzu na magauni wamejaa mlangoni. Nikamwendea jirani yetu Baba Hamisi, fundi wa magari, akakubali tuvute umeme kwake. Waya ukatoka kwake, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukaingia kwetu dirishani. Wengi mtaani walifanya hivyo hivyo, wala hakuna aliyeshangaa.

Sasa lile dirisha lilikuwa na vioo kwa ndani na vibao viwili vya mbao kwa nje, vya kufunga kwa ndoano. Waya ukiwa katikati, vibao havikutani na ndoano haifiki kwenye pete. Nikaona si neno. Na joto lile la Jabe, nani afunge dirisha?

Bi Mwajuma aliona siku ile ile.

"We mukaza mwana," akaniambia, "dirisha ni ya kufunga. Hiyo waya iingie kwa njia ingine, ao isiingie."

"Mama, ni wiki mbili tu, mpaka Idi ipite."

"Mvua haijue Idi."

Idi ikapita, waya ukabaki. Kila alasiri yule mama alikwenda dirishani, akasukuma vibao, vikagoma, akanitazama, akaondoka. Hakusema tena. Lo, nilivyokuwa nachukia lile jicho lake! Moyoni nikasema, mwanamke aliyelelewa kwa koroboi, atanifundisha nini kuhusu umeme? Kiburi cha ujana, mwanangu, hakina dawa dukani.

Ikaja alasiri moja ya mwezi wa nne. Mbingu upande wa Kajaga, kule ziwani, zikawa nyeusi tii. Dalili ya mvua ni mawingu, niliyaona kwa macho yangu haya, nikasema nimalize kwanza mkono huu wa gauni. Upepo ukaja ghafla, mabati ya jirani yakaanza kulia, umeme ukakatika, cherehani ikasimama katikati ya mshono. Sikuzima kitu. Si unajua desturi yetu sisi watu wa Bujumbura? Umeme ukikatika hatuzimi taa, hatuzimi redio, hatuchomoi pasi, ili ukirudi vitu vyenyewe vitupe habari. Tunangoja kwa hamu, na ukirudi watoto wanapiga kelele mtaa mzima. Hata wewe unafanya hivyo, usinitazame pembeni.

Nikakimbilia dirishani, nikavuta vibao kwa nguvu zangu zote. Waya ukazuia. Upepo ukaninyang'anya kibao kimoja mkononi, ukakirudisha kwa kishindo, kikaubana waya kwenye ukingo na kuvunja vioo vyote. Vigae vikamwagika chumbani. Mvua ikafuata, maji yakaingia kama tumefunguliwa bomba. Waya ukaanguka sakafuni ndani ya maji, ngozi yake imechubuka, shaba iko wazi.

Na mimi, mwanangu, unajua nilikuwa nahangaikia nini? Vitambaa vya watu! Nilichukua tambara nikaanza kukausha maji, miguu mitupu, huku nikilaani mvua. Rehema nilikuwa nimemweka mkekani, kando ya ukuta wa pili. Nilipogeuka alikuwa ameshatoka mkekani, amekaa majini, anayapiga kwa viganja vyake na kucheka. Shaba ya waya ilikuwa mbele yake, karibu kabisa, angenyoosha mkono angeishika.

Bi Mwajuma akatokea mlangoni. Akatazama mtoto, akatazama waya.

"Beba mutoto! Panda ku kitanda! Usiguse kitu!"

Nikambeba, lakini ulimi wangu haukukoma. "Mama, tulia, umeme haupo."

Alikatiza chumba kile akikanyaga vigae, bila viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akapotea kwenye mvua. Mwanamke yule sikuwahi kumwona akikimbia. Siku ile alikimbia, khanga imeanguka, kichwa wazi, nami nimekaa kitandani na mtoto wangu nikiwaza kuwa mama mkwe amerukwa na akili. Nikasikia anagonga kwa Baba Hamisi, anagonga, anagonga. Kisha nikasikia mlango umefunguliwa.

Sikuwa nimepumua vizuri, watoto wa mtaani wakapaza sauti kwa Kirundi: "Umuriro! Umuriro!" Umeme umerudi. Taa ya nyumba ya mbele ikawaka, redio ya mtu ikaanza kuimba. Nikainua macho kwenye taa yetu. Haikuwaka. Nikatazama waya majini, nikatazama pale alipokuwa amekaa Rehema. Nilimkumbatia mpaka akalia.

Bi Mwajuma alirudi polepole, ameloa, ameushika mkononi ule mwisho wa waya aliouchomoa ukutani kwa jirani. Nyuma yake maji ya sakafuni yalikuwa yanageuka mekundu. Akakaa kwenye kigoda, akapandisha mguu juu ya goti. Kigae kilikuwa kimezama kwenye wayo.

"Umeme ikikatika haikuage," akasema. "Inarudi bila kupiga hodi."

Hospitali walikitoa kile kigae, lakini mshipa ulikuwa umekatika. Alichechemea tangu siku ile mpaka tulipomzika.

Mume wangu aliporudi safari akauliza, "Mama, mguu umefanya nini?" Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Yeye akaniwahi: "Nilikanyaga chupa ku soko." Akanitazama kwa lile jicho lake, akaomba chai. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na mume wangu naye amekufa akijua ni chupa. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililoharibika likawa la mkuu mwenyewe. Hilo ndilo linaloniinua kitini.

Basi nisikilize, maana haya mawingu hayatungoji. Kabla ya masika kila mwaka, pitia madirisha yako moja moja, ndoano na bawaba, ushike kwa mkono wako, usitume mtu. Vioo hivi vikubwa vitafutie mbao za nje, hata kama mkeo atasema zinaharibu sura ya nyumba. Na huo waya wa mafundi wako unaoingia kwa dirisha la jikoni, nimeuona, usifikiri sikuuona. Waya una njia yake ukutani, na fundi anayejua kazi ndiye wa kuupitisha. Upepo ukianza, funga kabla ya tone la kwanza, wala usimalize kwanza ulichoshika. Umeme ukikatika, chomoa kila kitu, acha taa moja tu ikupe habari. Maji yakiingia ndani, toa watoto kwanza, vitambaa baadaye, na swichi kuu uizime ukiwa umesimama pakavu. Ukikosa pakavu, usiiguse. Toka nje na watu wako, uite anayejua.

Na mzee akikuambia jambo mara moja akanyamaza, usidhani amesahau.

Mungu awalinde wote wanaolala chini ya bati hili. Akupe sikio la kusikia mara ya kwanza, mwanangu, na akikujalia uzee, akupe miguu ya kumkimbilia yule ambaye hakukusikia. Amina.