Zulaikha na Mbabula ya Kreshi

Ukiuliza hapa Kamembe, mji wetu wa mpakani kando ya ziwa, habari za Zulaikha, mke wa Nasiri mchomelea vyuma, utaambiwa ni mgomvi. Utaambiwa alitaka kuwafungia kina mama kreshi yao, nyumba ya kulelea watoto wachanga, na kwamba ni mtu wa kupokea radhi ya wenzake kisha kuigeuka. Wanaosema hivyo wana midomo mirefu na kumbukumbu fupi, maana kisa chenyewe kilitokea mbele ya macho yao.

Zulaikha amezaliwa hapahapa mjini, katika nyumba za Waislamu zilizo nyuma ya soko, binti wa fundi cherehani. Baba yake alimkalisha kwenye mashine kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye kanyagio, na alipofariki akamwachia mashine hiyo, mkasi na wateja wote wa sare za shule. Ana mkono mzuri. Wanawake wa vijijini Nyakabuye hupita mafundi kumi na vitenge vyao kwapani ili wafike barazani kwake. Maneno hana mengi, kwani mtu aliyebana pini midomoni kutwa nzima atazungumza na nani?

Pini hizo ndizo zilizompeleka kreshi. Alingoja mtoto miaka sita, akajaliwa Latifu, na Latifu alipofikisha miezi tisa akaanza kutambaa chini ya cherehani. Siku moja mama yake akamkuta ana pini juu ya ulimi, anaitafuna na kucheka. Zulaikha aliitoa, na kesho yake akambeba mwanawe mgongoni akampeleka pale penye usalama.

Kreshi ilikuwa nyumba ya vyumba viwili iliyokodiwa na ushirika wa kina mama wanaovuka mpaka kila alfajiri kuuza nyanya na samaki Bukavu. Mlezi alikuwa Mukantwari, mjane mwenye mikono mipole, na watoto wote kumi na wanne walimtegemea yeye peke yake. Jiko la nje lilikuwa limeng'olewa bati na upepo. Kwa hiyo siku ya mvua Mukantwari aliingiza mbabula, jiko lile la mkaa, ndani ya chumba cha watoto, akaliweka pembeni ili uji uchemke na watoto walioletwa katika baridi ya alfajiri wapate joto. Hakuna mama ambaye hakulijua. Zulaikha mwenyewe aliliona wiki ya kwanza, akajiambia atauliza jioni, na jioni ilipofika akaona haya kuwafundisha kazi waliomtangulia. Haya hiyo inamtafuna hadi leo.

Latifu alikuwa na miezi kumi na moja, ndio kwanza anajifunza kusimama kwa kushika vitu. Mvua ilikuwa inanyesha. Mukantwari alitoka kuanua nepi kambani, dakika mbili si zaidi, na Latifu akashika ukingo wa sufuria ya uji ili ajiinue.

Uji ukimwagika haukimbii kama maji, hunata. Ulinata kwenye mkono wa kushoto na kifuani. Kwenye kituo cha afya walimsafisha huku analia hadi sauti ikakauka, na vidonda vilipopona baada ya majuma mengi, vidole viwili vya mkono ule vilikuwa vimejikunja na kushikana. Muuguzi alisema hospitali kubwa huenda wakavifungua akikua. Huenda. Zulaikha alilichukia neno hilo kuliko tusi.

Juma la tatu tangu aungue ushirika ulikuja kuomba radhi, kama desturi ya huku ilivyo. Alitangulia Marguerite, mwenyekiti, ambaye kila mtu humwita Perezidante, nyuma yake wajumbe wawili, na Mukantwari nyuma kabisa amejifunika uso kwa kitenge. Walileta kreti ya fanta, kwa kuwa nyumba ni ya Waislamu. Kwa wengine wangebeba pombe. Kinywaji hicho si cha kiu. Aliyekosewa akipokea chupa na kunywa, neno limekwisha, na haliinuliwi tena na mtu yeyote. Zulaikha alilijua hilo tangu utoto wake.

"Maman Latifu," Marguerite alisema, "mutoto ni wetu siye bote. Tunakuomba utusamehe."

Mukantwari alisogea mbele. Alipiga magoti sakafuni, mwanamke wa umri ule, akaushika mguu wa Zulaikha na kulia bila sauti. Nani angekuwa na moyo wa kumwacha pale? Zulaikha alimwinua, akamkalisha, akapokea chupa na kunywa. Alimsamehe kwa dhati, na hajajuta kumsamehe. Ila alidhani anamsamehe Mukantwari. Hakujua kwamba ndani ya chupa ileile amelisamehe na jiko.

Alilijua juma lililofuata, alipopita kreshi siku ya mvua kumpelekea Mukantwari mashuka ya watoto aliyoyashona kwa vipande vilivyobaki. Mbabula ilikuwa palepale pembeni, sufuria inatokota, na kitoto cha mtu kinatambaa hatua tatu kutoka kwenye makaa. Alikibeba akakiweka mbali, kikarudi. Aliyaacha mashuka mlangoni.

Akaenda moja kwa moja dukani kwa Marguerite.

"Perezidante, ile mbabula ingali mu chumba ya batoto."

"Maman Latifu, ile maneno si tulishaimaliza?"

"Ya Mukantwari iliisha. Mi nasema ya mbabula."

Marguerite alimtazama kama mtu anayetazama mteja aliyerudisha nguo aliyokwisha kuivaa. "Ulikunywa," alisema, akaendelea kupanga sabuni zake.

Nasiri hakuwa mtu wa kubishana. Alichukua nondo zake, akachomelea uzio mdogo wa kuzungushia jiko, wenye mlango wa komeo, akalainisha kingo zake zote ili usikwaruze mtoto. Alifanya kazi hiyo siku mbili na hakutaka shukrani. Waliubeba wenyewe hadi kreshi. Mwezi mmoja baadaye Zulaikha aliuona uani, umeegemezwa ukutani, vikombe vya watoto vimechomekwa juu yake vinakauka. Mukantwari alieleza kwa aibu kwamba Perezidante amekataza usiingie ndani, kwani wageni wakiuona watauliza ni wa nini.

Hapo ndipo Zulaikha, yule asiye na maneno, aliposimama kwenye mkutano wa wakazi, Jumanne alasiri, mbele ya mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, na watu wote. Alimbeba Latifu kiunoni, akamvua soksi aliyomvisha mkononi. Aliomba mambo matatu: paa la jiko la nje litengenezwe, mbabula isiingie tena ndani, na Mukantwari apate mwenzake wa kumsaidia.

Kina mama walinuna. Walisikia jambo moja tu, kwamba kreshi itafungwa. Wa kwanza kuinuka alikuwa Shadia, muuza dagaa, mama wa mapacha Hasani na Huseni, waliokuwa na miezi minne.

"Weye unashona ku baraza yako," alisema. "Siye tunavuka mupaka. Wakifunga, batoto batabaki na nani? Walikuja kwako, walikuomba, ulikunywa! Sasa unataka nini tena?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Mkuu wa mudugudu, mtu mwema asiyependa kelele, aliuliza kama ni kweli alikunywa. Zulaikha akasema ni kweli. Basi, akasema mkuu, jambo lililosuluhishwa na wenyewe serikali haina haja ya kulifukua. Akaita jambo la pili, ambalo lilikuwa mbuzi.

Tangu siku hiyo salamu zilipungua. Kina mama wawili walihamisha vitenge vyao kwa fundi mwingine. Kilichomuuma zaidi si hasira ya watu. Kilimuuma kwamba aliwaonea huruma, na huruma yake hawakuitaka. Kila wingu lilipotanda juu ya ziwa aliacha cherehani na kuangalia upande wa kreshi, akiwahesabu kichwani watoto wa watu waliomnunia.

Miezi sita baadaye, katikati ya mvua za masika, Hasani wa Shadia alikalia makaa yaliyoanguka kutoka kwenye mbabula. Aliungua paja lote na mkono. Zulaikha aliposikia alikaa chini barazani na kulia, na kwa kuwa ni binadamu, katika kulia kwake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema, niliwaambia. Aliionea haya sauti hiyo, lakini ilikuwa ya haki.

Baada ya majuma mawili, akiwa anapindia sketi, aliona msafara njiani: Marguerite mbele, wajumbe wawili, Mukantwari nyuma na kitenge chake usoni, na kijana amebeba kreti kichwani. Zulaikha aliidondosha sketi. Alipita uchochoro wa nyuma ya msikiti akikimbia, mwanamke mzima, akawatangulia kufika kwa Shadia.

Shadia alikuwa kitandani na mapacha, mmoja amefungwa bandeji.

"Bako banakuja," Zulaikha alisema akihema. "Shadia dada yangu, usinywe. Wasamehe kwa mdomo, lakini chupa usiishike hadi mbabula itoke. Mimi nitasimama na weye. Tukiwa babili hawataweza kusema ni ugomvi."

Shadia hakukasirika safari hii. Alimtazama kwa macho yaliyochoka.

"Maman Latifu, sijavuka tangu aungue. Kesho alfajiri lazima niko ku mupaka, hatuna chakula. Hasani atabaki na dada yangu, yeye hawezi kulea babili. Na Huseni?"

"Mulete kwangu."

"Kesho utamupokea. Na kesho kutwa? Na mwaka wote?" Alitikisa kichwa polepole. "Nisipokunywa, Perezidante hatamupokea Huseni. Unajua."

Zulaikha alijua. Mlangoni hodi ikapigwa.

Marguerite alipomwona alifurahi kweli, si unafiki. "Ona, hata Maman Latifu amekuja! Ni vizuri. Yeye anajua kusamehe." Akamsogezea kiti na chupa yake.

"Mbabula imetoka?" Zulaikha aliuliza.

"Maman, leo si siku ya ile maneno."

Mukantwari aliinamisha kichwa. Zulaikha aliiweka chupa sakafuni haijafunguliwa, akampapasa Hasani kichwani, akatoka. Akiwa uani alisikia vizibo vinafunguliwa, kimoja baada ya kingine, na sauti ya Shadia ikisema asante.

Usiku ule mvua ilinyesha na haikukatika. Alfajiri, kabla taa za mpakani hazijazimwa, Shadia alipita barazani kwa Zulaikha na Huseni mgongoni chini ya mwavuli, akiwahi kreshi. Mtoto alikuwa na miezi kumi, ndio kwanza anajifunza kusimama.