Mtani wa Babu pale Mnazi Mmoja

Majani yaliyofyekwa asubuhi yakapigwa na jua la mchana yana harufu yake, na harufu hiyo ikinipata popote hunirudisha Mnazi Mmoja, nikiwa na gauni la kanisani na soksi zilizoteremka, mkononi kipande cha muhogo wa kukaanga chenye pilipili ya kuniliza. Ilikuwa miezi ya kipupwe, ile miezi ambayo Dar es Salaam hutuonea huruma kidogo, na bustani ilikuwa ikisafishwa kwa ajili ya Siku ya Mashujaa. Vibarua walifyeka, wengine wakapaka chokaa mawe yaliyozungushiwa maua, na upande wa mnara wa mashujaa bendi ilikuja kufanya mazoezi, tarumbeta zikilia wimbo uleule, zikikosea palepale, zikianza upya. Sisi tulikaa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, vyumba viwili vya kupanga katika nyumba ya Kiswahili yenye ua mmoja na kelele za familia nyingi. Kutoka kwetu mpaka bustanini ni mwendo wa kumaliza muhogo mmoja, kama huli kwa pupa. Mimi nilikula kwa pupa, kwa hiyo nilinunuliwa wa pili.

Kila Jumapili baada ya misa nilipelekwa kuwaona mashujaa waliotupatia uhuru. Aliyenipeleka ni mama mdogo Winfrida, mdogo wake mama, na kusema kweli mashujaa hao hawakumshughulisha hata kidogo. Alikuwa na shujaa wake mmoja, aliyeitwa Festo, muuza spea za magari kule mtaa wa Gerezani, kijana mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Kwa babu, yaani baba yao mama na mama mdogo, tulisema shule imenipa kazi ya kujifunza habari za waliopigania uhuru. Uongo mtupu! Kazi pekee niliyopewa na shule muhula ule ni kuleta ufagio. Lakini babu, mzee wa reli aliyestaafu, aliamini kila jambo lililotajwa pamoja na neno shule, akasema mtoto aende, ajifunze. Basi mimi nilikalishwa chini ya mnara nitazame bendi, na wao wawili wakakaa kwenye benchi la saruji, wakiacha katikati yao nafasi ambayo padri mnene angekaa bila kubanwa.

Msicheke, maana jambo lenyewe lilikuwa zito. Mama mdogo alikuwa anaikaribia miaka thelathini, na wanawake wa uani walishaanza kumsalimia kwa ile sauti ya kumwonea huruma. Wachumba wawili walishakuja nyumbani, babu akawafukuza wote, mmoja kwa sababu viatu vyake vilipiga kelele, wa pili sababu hatukuambiwa. Tangu bibi afariki, babu alikuwa amejifungia ndani ya koti lake. Alikaa mlangoni na redio, kofia ya pama kichwani hata katika joto la Februari, na ukimsemesha alijibu "eeh" tu. Alitoka Songea kijana mbichi kuja kufanya kazi ya reli, na wenzake wa enzi hizo wengine walirudi kwao, wengine tuliwazika. Mama mdogo ndiye aliyemfulia na kumpikia, na nilimsikia jikoni akimwambia mama, huku anapepeta mchele kwa nguvu isiyohitajika: "Dada, akimkataa na huyu, mimi sitafuti tena. Na siwezi kuondoka humu nikamwacha baba na hasira."

Sasa, Jumapili moja babu akasimama, akafunga vifungo vya koti, akasema anakuja nasi. Alikuwa anafurahi kwamba mjukuu wake anajali historia, akaona ni vizuri nifundishwe na mtu anayeijua. Mama mdogo alibadilika rangi. Siku hizo hatukuwa na simu ya kumtumia mtu ujumbe kwamba mambo yameharibika, kwa hiyo tulitembea tu, babu mbele na fimbo yake, mama mdogo nyuma akisali, nadhani, maana midomo ilikuwa inacheza. Tulipoingia bustanini Festo alisimama kwa mbali akitabasamu. Mama mdogo akamtolea macho. Festo akakaa tena, akaanza kuangalia miti. Na babu, katika mabenchi yote ya Mnazi Mmoja, akachagua lile lile, akamwambia kijana "habari za saa hizi," akaketi pembeni yake.

Akaanza kunifundisha. Ilichukua muda mfupi sana kufika kwa Wangoni. Uhuru huu, alisema, usidhani ulianzia kwenye majukwaa. Kabla ya hapo walikuwapo wanaume waliokataa kutawaliwa na Mjerumani, na katika wanaume hao hakuna aliyemfikia Mngoni. Mngoni hakujua kurudi nyuma. Mngoni alipotokea, kila mtu alitafuta pa kujificha. Alikuwa anaongea kuliko nilivyowahi kumsikia mwaka mzima, na mama mdogo ndio kwanza alikuwa ameanza kupumua, wakati Festo alipokohoa. "Samahani, mzee," alisema. "Hao Wangoni ndio wale tuliowakimbiza mpaka wakatupa ngao njiani, au kuna wengine?"

Mama yangu! Babu aligeuka taratibu, fimbo ikiwa mkononi. "Wewe ni nani?"

"Mhehe, mzee. Wa Iringa."

Mama mdogo alifumba macho. Babu akamwangalia kijana kuanzia viatu mpaka nywele, akaangalia bustani yote, kisha akasema, "Ndiyo maana nikashangaa. Tangu tufike hapa sijaona hata mbwa mmoja." Halafu akaanza kukohoa. Mama mdogo alimrukia ampige mgongoni, akidhani amepaliwa. Kumbe babu anacheka. Alicheka mpaka pama ikamdondoka, na Festo akaiokota, akaivaa yeye, akasema hii imetekwa vitani na haitoki bila soda. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu akimvua babu kofia akabaki hai.

Kwa asiyejua, Wahehe husingiziwa kula mbwa, na Wangoni na Wahehe walipigana vikali zamani za mababu, wakachoka, na ugomvi wenyewe wakaugeuza utani. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele za watu na kukunyang'anya kitu chako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Unachoruhusiwa ni kumjibu. Babu alikuwa hajampata mtani wa kweli tangu aache kazi, na sasa alikuwa amempata mmoja mwenye ulimi, kwenye benchi, bure. Kuanzia siku ile yeye ndiye aliyetuamsha. Jumapili misa ikirefuka alianza kuangalia mlango wa kanisa. Tulifika, akamsogeza mama mdogo kwa fimbo ampishe, akaketi palepale pa padri mnene, na vita vikaanza. Siku ya Mashujaa yenyewe tulisimama nyuma ya kamba katika umati, kimya kimetanda, wazee wakiweka mkuki na ngao mnarani. Babu akanong'ona, "Mkuki huo ni wa Kingoni." Festo naye akanong'ona, "Hapana, mkuki ni wetu. Ngao ndiyo yenu, ndio maana mliihitaji." Askari mmoja aligeuka kututazama. Babu alikuwa amejiziba mdomo kwa pama, mabega yanatikisika.

Mama mdogo naye? Alikaa na mimi chini ya mnara, anakula muhogo. Nyumbani alimlilia mama, nusu anacheka, nusu ana hasira za kweli: "Nimeleta mchumba, baba kamchukua!" Festo alikuwa amekolea, anafikia mahali pa kuja na matusi mapya aliyoyatafuta wiki nzima. Mwishowe mama mdogo akamwambia wazi kwamba kama anamtaka babu aendelee na babu, na kama anamtaka yeye atume mshenga. Akatuma. Jioni moja akaja mzee mmoja wa kwao, mtaratibu, babu akampokea vizuri, chai ikatoka, mpaka jina lilipotajwa. "Festo yupi?" "Yule wa Gerezani. Anasema mnafahamiana." Babu aliweka kikombe chini. Akasema atajibu, akaingia ndani, na usiku ule redio haikuwashwa.

Siku zilipita hajibu. Mama mdogo alikonda. Alidhani ni ule uongo wetu wa shule uliomuudhi, akaja kuniangalia mimi kama mshirika wa uhalifu. Mama ndiye aliyeingia kumuuliza babu, na pazia la chumba kile halikuwa zito, kwa hiyo sote tulisikia. "Baba, hivi kweli hukuona kitu wakati wote ule?" "Nione nini? Nilikuwa natukanwa." Kisha sauti ikawa ya mtu mwingine. "Tangu mama yenu aondoke, nani humu ndani amenitukana? Mnanipa shikamoo. Mnaniwekea maji ya kuoga. Nikipita mnapunguza sauti. Mji wote huu mtu mmoja tu ndiye ananiita mwoga, na nikilala najisikia niko hai. Sasa akioa hapa ni mkwe. Mkwe hataniwi. Mkwe ukimwona anakuja unafunga vifungo. Nitabaki na nani?"

Mama mdogo alisogeza pazia. Alikuwa analia, lakini alisema bila kutetemeka, "Basi, baba. Nitamwambia aache." Na ninavyomjua, angemwambia kweli. Babu alimtazama muda mrefu, kama ndiyo kwanza anamwona ni mtu mzima.

Jumapili iliyofuata alinichukua mimi peke yangu. Festo alikuwa benchini, shati limenyooka, uso umepauka. Babu alikaa, akaanza yeye. Walitukanana siku ile kuliko siku zote. Walimaliza mbwa, wakamaliza ngao, wakaingia kwenye ukoo, urefu wa masikio, jinsi Wahehe wanavyosalimia na jinsi Wangoni wanavyokula, mpaka watu waliokuja kupiga picha mnarani wakaacha picha wakasimama kusikiliza. Pama ilikuwa kichwani kwa Festo. Jua lilipoanza kulegea babu akaegemea fimbo. "Mhehe," akasema, "umemaliza?"

"Bado, Mngoni. Nina mengine."

"Maliza. Maana Jumamosi ukija kwangu na mshenga wako, sitaki kusikia hata moja."

Festo alicheka, kisha akaelewa. Alivua ile kofia, akapiga goti nusu, akamrudishia babu kwa mikono miwili. Babu alisonya. "Umeanza mapema," akasema. "Leo si Jumamosi."

Jumamosi walikuja. Mimi nilibeba sinia la soda, kwa hiyo niliona vizuri. Festo aliingia kichwa chini, akavua viatu, akasema, "Shikamoo, baba." Babu alikuwa amevaa koti lake na vifungo vyote vimefungwa. "Marahaba, mwanangu. Karibu." Wanawake wakapiga vigelegele, mama mdogo akajificha uso kwa kanga. Nampenda mama mdogo, nilifurahi kwa ajili yake. Lakini nilimwonea babu huruma mpaka nikamwaga soda.

Waliishi kwa heshima, yeye na mkwewe, miaka yote iliyobaki. Hawakukaa benchi moja tena. Babu alipofariki tulikwenda kumzika Kinondoni, na kaburi lilipokuwa tayari, tukashtuka kuona watu wanasukuma umati, vijana na wazee, wamevaa nguo kinyume, wametoka Iringa kwa basi la usiku. Mmoja akarukia kaburini, akalala chali, akaweka mikono kifuani, akasema Mngoni huyu haingii humu, atatorokea upande wa pili kama walivyozoea, na yeye hatoki mpaka aletewe jogoo. Msiba mzima ukacheka huku unalia. Baba mdogo Festo ndiye aliyewaita. Yeye mwenyewe alikuwa mkwe, hakuruhusiwa, kwa hiyo alisimama pembeni kichwa chini, analia, na midomo yake niliiona inayafuata yale matusi, neno kwa neno.

Siku hizi nafanya kazi Posta, na mchana nikipata nafasi nashuka mpaka Mnazi Mmoja na chakula changu. Sisemi zamani ilikuwa bora. Zamani tulikuwa na choo kimoja nyumba nzima. Bustani inapendeza, mabasi ya mwendokasi yanapita, vijana wanajipiga picha mbele ya mnara. Ila kumuuliza mtu kabila lake leo ni kama kumtafutia ubaya, na pengine kuna sababu. Ofisini tunaambiana mambo, poa, kila mtu anarudi kwenye simu yake. Majirani zangu nawajua kwa magari yao. Siku nitakayoondoka najua watu watachanga, sare itashonwa, pole zitajaa kwenye simu za wanangu. Wa kurukia kaburini kwangu na kugoma kutoka, simjui hata mmoja.