Vitu vya Kiwanja cha Majengo

Nilicheza voliboli kwenye kiwanja kile cha Majengo tangu utoto mpaka nilipobeba mimba ya kwanza. Kwa hiyo asubuhi niliposikia mashine ikinguruma upande ule, niliacha maharagwe jikoni nikaenda mbio na kitenge changu cha nyumbani.

Ukuta ulikuwa umeshalala chini. Mwenye parseli ile ya kiwanja alikuwa ameiuza, na mnunuzi alitaka kujenga maduka. Vitu vyetu vilikuwa vimetupwa juu ya kifusi: ubao wa kuandikia alama, benchi la wachezaji, rimu ya gari tuliyoigonga kama kengele, na kopo la maziwa lililotobolewa chini, ambalo mlinzi wa kiwanja alikuwa akilijaza chokaa na kuchora mistari.

Mkubwa wa mafundi akaninyooshea mkono. "Mama, usiingie! Unatafuta nini huku?"

"Vitu vyetu, papa."

"Vitu gani? Hii yote ni takataka. Kamyo inakuja kuipakia na kwenda kuitupa."

"Kama ni takataka, haitakuuma nikiibeba."

Akanitazama, akacheka, akaamuru mashine izimwe. "Fanya mbio, basi."

Nikamsimamisha mwenye chukudu aliyekuwa anateremka na magunia matupu. Baiskeli yake ya mbao ilifanya safari tatu. Mume wangu alipoona sebule imejaa, aliuliza, "Na sisi tutakaa wapi?" Nikamwonyesha benchi.

Niliomba parokiani chumba cha kuviweka watu wavione, wakasema hakuna nafasi. Niliomba kwa mkubwa wa mtaa, akaniambia nirudi wiki ijayo. Nilirudi mara nne. Halafu nikachukua misumari, nikavitundika vyote kwenye ukuta wa ua wetu, na kila Jumapili baada ya misa nikaacha mlango wazi. Wa kwanza kuja walikuwa wachezaji wenzangu, sasa mama wazima. Waligonga ile rimu mpaka majirani wakalalamika.

Jumapili moja akaingia mama mmoja mzee aliyetoka kwa miguu kwenye kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Alikuwa mjane wa yule mlinzi. Mume wake alifia kambini, na hakuacha hata picha. Alilitoa kopo ukutani, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Ni yeye aliitoboa hii," alisema. "Nilimushikia taa ya mafuta, yeye anapiga musumari."

Nikamwambia, "Mama, ni lako. Ulibebe."

Akanirudishia. "Kambini litaibiwa. Ulichunge wewe. Lakini andika pale kama ni yeye alilitengeneza. Watu wasiseme ni kopo tu."

Niliandika ukutani siku ileile, kwa kaa la jiko, yeye akiwa amesimama nyuma yangu. Kesho yake nilinunua rangi nyeupe na brashi, nikaanza kuzunguka Majengo mlango kwa mlango, nikiuliza ni fundi gani aliyeranda mbao za lile benchi.