Kumpa Pole Mjane wa Mwenye Mashua

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwa fundi wa makochi mjini Kisii. Kazi yenyewe haikuwa na jina. Nilibeba mbao, nilichambua sponji kuukuu, nilivuta kitambaa huku yeye akipiga misumari, na kochi likiisha nililisukuma kwa mkokoteni mpaka kwa mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimechuna chai, nimevunja kokoto, nimelinda ghala la ndizi, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoona nimeelewa jinsi kazi ile inavyokwenda, kisha nikaaga. Shule niliiacha mapema, nyumbani kwetu Sironga. Kuuliza maswali sikuacha.

Fundi alikuwa mtu wa ziwani. Alipanda Kisii akiwa kijana, akapanga chumba Nyanchwa, akaoa, akalea watoto, akajifunza lugha yetu, Ekegusii, ya kutosha kugombana sokoni. Mkewe alikufa, watoto wakaenda zao. Nilipomkuta alikuwa anakohoa kila asubuhi kwa sababu ya vumbi la sponji, na daktari alikuwa amemwambia atafute kazi nyingine. Yeye alikwisha kuamua: angerudi kwao, avue samaki na kaka yake mkubwa.

Lakini hakutaka kurudi hivi hivi. Kila alipokwenda kwao mazishini, wanaume wa ufuoni walimwita mtu wa ndizi. Walimuuliza kama bado anajua kuogelea, au siku hizi anaogelea kwenye majani ya chai. Alicheka nao, kisha alirudi Nyanchwa na maneno yale. Kwa hiyo alikuwa ameweka akiba anunue mashua iliyotumika, na mtu yeyote kwao asijue, hata kaka yake, mpaka siku aionyeshe.

"Wakiniona nashuka na boti," aliniambia, "watanyamaza. Nataka wanyamaze siku moja tu."

Mteja mmoja aliyeleta viti vyake ndiye aliyetuambia kuna mashua Masimba. Nilidhani anatania. Masimba ni kilimani, kando ya lami, na maji ya karibu ni ya mitaroni. Tulikwenda. Ilikuwepo kweli, nyuma ya duka la mbao, imeegemezwa kwenye magogo ya mkalatusi, imepakwa rangi ya bluu mpya inayong'aa. Kuku walikuwa wamelala kivulini mwake.

Mwenye kuiuza alikuwa dalali wa palepale, mtu wetu, mwenye sauti ya mnada. Aliuza mbao, mabati yaliyong'olewa, injini za posho mill za kusagia mahindi, chochote.

"Karibu mzee! Hii ni boti, si beseni. Gonga, gonga usikie!"

Fundi aligonga. Mbao zilijibu vizuri.

"Imefikaje huku juu?" niliuliza.

"Wewe ndiye unanunua?"

"Hapana, nauliza tu."

"Basi uliza polepole, ndugu yangu, usije ukatoboa boti."

Alitueleza kwamba mwenye mashua alifariki mwezi uliopita. Familia iliileta huku itengenezwe kwa sababu mbao zetu ni rahisi, halafu ikaona heri iuzwe. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa nailoni, ina muhuri na sahihi mbili. Fundi aliitazama kama mtu anavyotazama risiti ya mwenzake. Kilichomgusa ni ile habari ya kifo. Alivua kofia, akaweka mkono juu ya ubavu wa mashua.

Mimi huku nimeshaingia ndani yake. Sikuwahi kuwa ndani ya mashua maishani. Nilitambaa mpaka mbele kabisa, nikachungulia chini ya ubao wa kukalia, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika. Pale palikuwa na herufi na namba zilizochomwa kwa chuma cha moto. Nilizisoma mara kadhaa, zikanikaa.

Niliposimama, fundi alikuwa anasema, "Basi nipeleke nyumbani kwake nimpe mjane pole. Siwezi kukalia boti ya marehemu kabla sijamsalimia mkewe. Nitabeba sukari."

"Mzee, hiyo ni heshima kubwa," dalali alisema. "Lakini mama hayupo. Amekwenda Nairobi kwa dada yake, akae kidogo, apumzike. Unajua machozi."

"Amekwenda kulala huko?"

"Eeh, akae kidogo."

Fundi alirudisha kofia kichwani. "Sawa. Tutarudi."

Tulipokuwa tunapanda kilima cha Nyanchwa alisimama kama anapumzisha kifua.

"Mjane wa mwezi mmoja haendi kulala kwa watu," alisema. "Kwetu hapana. Anakaa kwake mpaka desturi zimalizike."

"Labda ni mjane wa siku hizi."

"Hata wa siku hizi. Anaweza kukataa mengine yote, lakini kwa hilo mama mkwe wake atalala mlangoni."

"Kwa hiyo dalali anatudanganya."

"Au yeye mwenyewe amedanganywa. Uongo ule hakuutunga mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu angetunga mwingine."

Nikamwambia nilichokisoma chini ya ubao. Aliniomba nirudie. Herufi za mwanzo, alisema, ni alama ya ufuo, na ufuo ule ni jirani na wa kwao; watu wake wanaonana na kaka yake kila siku kwenye mizani ya samaki. Simu moja tu kwa kaka yake ingetosha.

Hakupiga.

Siku zilizofuata alifanya kazi vibaya. Alishona mto upande wa nyuma ukaja mbele, akaufumua, akaushona vilevile tena. Dalali alipiga simu: kuna mnunuzi mwingine, anatoka Migori, mzee alete kitu kidogo cha kushikilia. Fundi alisema ndiyo, atakuja. Alipokata, alikaa ameishika ile simu.

Nilimwambia jinsi tunavyonunua ng'ombe kwetu. Hata muuzaji awe na boma, mke na mahindi shambani, unapita kwa jirani yake kwanza, unaomba maji ya kunywa, unaulizia ng'ombe. Jirani anajua kama ni wa mahari, kama ni wa ndugu yake, kama jana hakuwepo.

"Jirani wa boti ile ni kaka yangu," alisema. "Hapo ndipo penye shida. Nikimuuliza, siri imekwisha. Na kama boti ni mbaya, nitakuwa mtu wa ndizi aliyekwenda kununua boti Masimba. Watacheka mpaka nizikwe."

"Na ukinunua bila kuuliza, ukaishusha, halafu mwenyewe akawa amesimama palepale ufuoni?"

Niliona kwamba alikwisha kuliwaza hilo, pengine kuliko mimi. Alikuwa anaitaka ile mashua kiasi kwamba angependa kutokujua.

Alipiga jioni ile, tukiwa tunafunga kibanda. Alizungumza Kijaluo, nami nilisikia tu *omera*, yaani ndugu yangu, na jina la Masimba. Kisha kicheko kikatoka kwenye simu, kikubwa hata mwenye duka la jirani, Mhindi wa vitambaa aliyekuwa anashusha shata, akageuka. Fundi aliisogeza simu mbali na sikio, akangoja. Alizitaja zile herufi na namba. Kicheko kikakatika. Upande ule kukawa na sauti nyingine, si ya kaka yake. Fundi akakaa polepole juu ya kochi ambalo halijavishwa kitambaa, kwenye mikanda mitupu.

Alipokata nilimuuliza, "Ni nani yule?"

"Marehemu," alisema. "Nimezungumza na marehemu. Walikuwa wamekaa na kaka yangu, wanashona nyavu. Ameniuliza kama ubao wa mbele bado umepasuka."

Mashua ya mtu yule iliibwa ufuoni usiku mmoja, yeye akiwa mgonjwa nyumbani. Tangu hapo alikuwa anapakia mchanga kwenye malori ya watu, na mkewe, ambaye hajawahi kuwa mjane wala kwenda Nairobi, alikuwa ameacha kuchuuza samaki.

Walikuja asubuhi: mwenye mashua, kaka yake fundi na mwenyekiti wa ufuo. Tukawachukua polisi wawili, tukapanda Masimba. Dalali alipotuona alianza na sauti yake ya mnada, ikamwishia katikati. Aliketi juu ya gogo. Alisema yeye pia aliinunua, kwa watu wawili wenye lori, na karatasi walimpa wao, na wao ndio walimwambia mwenyewe amekufa. Alitoa namba zao. Hazikupatikana.

"Na mjane?" fundi alimuuliza.

"Huyo nilimtunga mimi, mzee. Niliona unataka safari ya mbali, nikaogopa biashara itapoa. Pesa yangu yote iko kwenye hiyo boti."

Aliyasema bila kumtazama mtu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, amefunika mdomo kwa leso. Nilidhani fundi atamtukana. Alimwomba yule mama maji, akampa mumewe kwanza.

Mwenye mashua alikuwa anaizunguka, anaipapasa, na mara akageuka kwa hasira ambayo hakuionyesha mpaka wakati ule. "Bluu! Nani alikwambia boti yangu ni ya bluu?" Hata polisi walicheka. Dalali naye alicheka, huku amelowa machozi. Walimchukua kuandika maelezo, na nilivyosikia baadaye alirudi nyumbani, lakini pesa zake hazikurudi.

Tulipokuwa tunangoja lori, nilimshika mwenyekiti kwa maswali. Alikuwa mtu mpole, akanijibu yote. Kumbe mashua moja inaweza kuwa na wenyewe watatu: mbao ni za huyu, injini ni ya yule, nyavu ni za mama fulani, na ukimlipa mmoja hujanunua kitu. Namba iliyo kwenye mbao lazima ifanane na iliyo kwenye daftari la mwenyekiti. Na mtu asilipe mahali popote ila kwenye ufuo inakolala mashua yenyewe, mchana, wavuvi wamerudi, wote wakitazama.

"Mwizi hapendi kutazamwa," alisema. "Lakini na mnunuzi akitaka kujificha, tutamsaidiaje?" Hakumtazama fundi aliposema hivyo. Fundi alisikia.

Lori lilipokuja, fundi aliomba aende nayo. Nami nilipanda, bila kuombwa. Yeye na mwenye mashua walikaa ndani ya mashua yenyewe, mbele, mimi nyuma kwenye kamba. Kaka yake alikaa na dereva. Tuliteremka, migomba ikapungua, joto likaanza kupanda kwenye nguo. Nilipoliona ziwa mara ya kwanza nilidhani ni mbingu imeinama. Fundi hakuwa analitazama. Alikuwa anatazama ufuo, na watu waliokuwa wanasimama mmoja mmoja walipoliona lori.

Hawakuwa wameambiwa yote. Waliona mashua ya bluu na mtu wa ndizi amekaa mbele yake kama mwenyewe. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, wengine wakampokea. Mzee mmoja alipaza sauti, nami nikaelezwa maana baadaye: "Mtu wa ndizi ameleta boti!" Watoto walikimbia kando ya magurudumu. Na wale wanaume wa ufuo wa kwao, wale wenyewe, waliokuja pale mizanini, walikuwa wamesimama kimya kabisa. Ndicho alichokitaka siku zote, na angeweza kukaa nacho mpaka lori lisimame.

Alisimama lori likiwa bado linatembea, akashika bega la mwenzake asianguke, akaita kwa sauti: "Si yangu! Ni ya huyu! Mimi nimemsindikiza tu!"

Vigelegele vilikatika, vikaanza tena kwa ajili ya mtu mwingine, kwa sababu mke wa mwenye mashua alikuwa ametokea. Hapo watu wote walimkimbilia mumewe. Fundi alishuka kwa nyuma, peke yake, akajipangusa vumbi. Kaka yake alikuwa amekwisha kushuka, anamngoja.

"Kwa hiyo umekuja mikono mitupu," kaka alisema, kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Mikono mitupu."

"Miaka yote hii umekaa huko juu unatafuta boti ndipo uje?"

Fundi aliangalia chini.

"Nani alikuitisha boti? Mimi ninayo. Ninayekosa ni mtu wa kushika upande wa pili wa wavu." Alikohoa kidogo, kwani naye alikuwa mzee. "Mizigo yako iko wapi?"

"Nyanchwa."

"Huyu rafiki yako mwenye maswali hawezi kuileta?"

Nilisema naweza.

"Boti nyingine tutaitafuta hapahapa, polepole. Watacheka, ndiyo. Acha wacheke. Hata mimi jana nimecheka nikaumwa ubavu." Kisha akamshika mkono, wakaenda kuisukuma ile mashua majini na wengine. Fundi hakukunja suruali. Aliingia na viatu, maji yakampanda hadi magotini, na watu wakaanza kumpigia kelele asukume kwa nguvu, asidhani ni kochi.

Nilirudi Kisii, nikamfungia vitu vyake: nyundo, mkasi, godoro, picha ya mkewe. Nilimpigia simu kumuuliza kuhusu makoti mawili mazito yaliyokuwa nyuma ya mlango, niyaweke wapi.

"Hayo acha," alisema. "Huku ni joto. Vaa wewe."

Kando yake nilisikia mtu akimwita, naye akanikatia simu.