Kwenda Kuposa Kagerankanda kwa Gari la Gia

Kwanza mnisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika jembe kuliko kalamu. Herufi zangu zinaegemeana kama watu wanaotoka kilabuni, na maneno mtakayokuta nimeyakosea myarekebishe kimoyomoyo. Ningewasimulia kwa mdomo, lakini mnanijua: watu wakizidi wawili, koo linanikauka. Hapa Kumsenga wengi mmeshaisikia safari hii kwa Shangazi Skolastika. Naandika kwa sababu Shangazi anaisimulia kwa kuongeza.

Sababu ya kuondoka ilikuwa Editha. Tulifahamiana alipokuja kumsaidia dada yake mavuno ya maharage, na baada ya miezi mingi ya simu akaniambia baba yake, Mzee Yoramu wa Kagerankanda, yuko tayari kupokea wageni wangu. Ila nijihadhari. Kuna kijana wa pikipiki aliyepeleka posa kabla yangu, akakataliwa hata kabla ya kupewa kiti, kwa kuwa siku moja alikutana na Mzee njiani, akampigia honi, akapita. Mzee alisema honi ni ya mbuzi. Basi nilijua kitakachonipa mke au kuninyima ni salamu.

Asubuhi, Kumsenga. Gari langu mmeliona. Ni dogo, jekundu, la gia za mkono, na nyuma halina buti la kutokeza. Mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku. Nililinunua kwa maharage ya misimu kadhaa, na siku lilipofika jirani yangu Petro alilizunguka, kisha akauliza nusu iliyobaki inakuja lini. Tangu siku hiyo linaitwa Nusu.

Kuendesha nilifundishwa na dereva wa lori, kwenye uwanja wa mpira wa Kibondo. Alikuwa mwalimu mzuri. Alinifundisha klachi, gia zote na rivasi, na leseni nikapata. Somo la kuondoka ukiwa umesimama mlimani alisema tutalifanya kesho yake, na kesho yake akaitwa safari ya Dodoma. Kwa hiyo ninaendesha vizuri sana mahali palipo tambarare. Nanyi mnaijua nchi yetu, tambarare zake zinahesabika.

Shangazi alipanda mbele akiwa na kitenge kipya na dumu la asali mapajani, akikataa katakata kuliweka nyuma. Yeye ndiye msemaji wetu, kwa kuwa kijana hajiposei. Aliniuliza kama nimeomba Mungu. Nikamwambia nimeomba. Akaniuliza kama nimeomba kuhusu breki.

Njiani kwenda Kasulu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Shangazi ana ndugu kila kijiji. Kila baada ya muda alikuwa akinigusa bega: yule ni mtoto wa fulani, simama tumsalimie. Sasa, Mha, mtu wa kabila letu, hasalimii kwa kupunga mkono dirishani. Anashuka, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumba, watoto, mifugo na mvua, na anaulizwa yeye. Mimi nilikuwa tayari kusimama, lakini si mlimani, maana nikisimama mlimani sitaondoka. Nilimweleza. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kuku mgonjwa.

Basi tukawa tunafanya hivi: ndugu waliokuwa kwenye mteremko au tambarare walisalimiwa kikamilifu. Waliokuwa kwenye mlima waliahidiwa. Shangazi alitoa kichwa nje akawaambia tutasalimiana tukirudi, nami nikakanyaga mafuta huku nimeangalia mbele kwa aibu. Kuna mama mmoja alikimbia kando yetu kwa hatua kadhaa, maana Nusu kwenye mlima haina haraka, na wakamaliza habari za watoto hivyo hivyo, yeye akihema.

Mchana, Kasulu mjini. Tulihitaji blanketi la Mzee na kitenge cha mama yake Editha. Duka nililoelekezwa ni la Bwana Abdala, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani, na anaongea Kiswahili kinachonifanya nione haya kujibu. Nililiacha gari mbali, karibu na stendi, nikaja kwa miguu. Aliuliza kwa nini nimeliacha huko wakati mbele ya duka kuna nafasi. Nikasema mbele ya duka kumeinama. Alitoka nje, akaangalia barabara yake kama anaiona leo.

"Pameinama hapa?" akasema. "Kijana, hapa hata maji ya mvua hayajui yaelekee wapi."

Aliposikia tunaenda kuposa alitufungia vitu vizuri kwenye karatasi ya maua, akanishauri nikifika ukweni nizungumze kidogo. Shangazi akamwambia kwa hilo asiwe na wasiwasi.

Alasiri, Kagerankanda. Barabara ya vumbi ilikwenda vizuri kati ya mashamba ya mihogo mpaka nilipoiona nyumba ya Mzee Yoramu. Ilikuwa juu. Njia ya kuingilia ilipanda moja kwa moja katikati ya migomba yake, na uwanjani juu kabisa watu walikuwa wamekaa kwenye viti wakitungoja. Nilivuta pumzi, nikatia gia ya kwanza, nikapanda. Nusu ilipanda kwa moyo wote. Ningefika, nawaambia ukweli, ningefika. Lakini katikati ya mlima Mzee Yoramu mwenyewe alikuwa ameshuka kutupokea, amesimama kando ya njia, na kofia yake mkononi.

Kupita nisingeweza. Nilisimama. Gari likazima. Nikakanyaga breki kwa mguu na kuivuta ile ya mkono, ambayo bila kushikiliwa haikamati sawasawa, na kwa kitambo tulitulia.

Mzee akaibana kofia kwapani, akaanza kupiga makofi ya salamu, taratibu, huku ameinama kidogo.

Hebu mniambie, mngefanyaje? Salamu ya mkwe haijibiwi kwa mkono mmoja, nikaachia breki ya mkono ili nipige makofi. Na mkubwa haamkiwi ukiwa umekaa, nikajiinua kwenye kiti mpaka kichwa kikagusa paa. Mguu ukatoka kwenye breki.

Nusu ikaanza kurudi nyuma.

Haikuwa na kasi. Ilirudi kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ndiyo iliyokuwa balaa, kwa sababu Mzee naye akatembea. Salamu haikatwi katikati. Aliuliza habari za Kibondo, nikasema nzuri, tunashuka. Akauliza mvua, nikasema zipo, tunashuka. Akauliza mama yangu anaendeleaje na mguu, na hapo nikajua Editha alishawasimulia mengi. Nikasema unaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, huku nikipiga makofi na kuona migomba ikija kwenye kioo cha pembeni. Shangazi alikuwa amelikumbatia dumu la asali, anasali kwa Kiha. Mzee hakuharakisha swali hata moja. Alikuwa anauliza habari za ng'ombe tulipougonga mgomba, ukainama, ukalala juu ya mlango wa nyuma pamoja na mkungu wake.

"Ng'ombe hawajambo," nikasema.

"Ahsante," akasema Mzee. "Karibuni."

Kupandisha gari tena ilibidi lisukumwe. Vijana wa pale walikuja, na mama yake Editha akaja pia, ingawa mila haimruhusu kuangaliana uso kwa uso na anayetaka kuwa mkwewe. Alilitatua jambo hilo kwa kugeuka na kusukuma kwa mgongo, ameangalia bondeni, nami nikishika usukani nimeangalia juu, na heshima haikuvunjika. Kila gari lilipozima, Editha, ambaye hakuwa ameniambia neno, alikuwa nyuma ya tairi na jiwe kubwa, akiliweka. Nilimwona kwenye kioo. Alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Ndani, Shangazi aliongea vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, akitaja ukoo wetu tangu mababu. Mzee Yoramu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, mguu ulikuwa kwenye breki. Kwa nini uliuondoa?"

Nilijaribu kumtazama Shangazi anijibie. Alikuwa anaangalia paa.

"Nilisimama, Mzee," nikasema. "Wewe ulikuwa umesimama."

Ndilo jibu refu zaidi nililowahi kutoa mbele ya watu. Mzee akaanza kucheka, kwanza kwa tumbo bila sauti, halafu mzee wa jirani akamfuata, na kule jikoni wanawake wakakipokea kicheko, nikasikia na cha Editha humo ndani. Mzee alijifuta macho kwa lile blanketi jipya.

"Posa nimeipokea," akasema. "Mgomba nakusamehe. Ila siku ya kumchukua binti yangu gari hili lipande mpaka uwanjani, lisimame, unisalimie kama leo, na lisiondoke na salamu zangu. Hatutalisukuma. Mke wangu mgongo unamuuma."

Kesho yake, kurudi. Tuliondoka na mkungu wa ndizi wa ule mgomba niliouangusha. Njiani nilifurahi kuona milima ya jana imekuwa miteremko, kwa hiyo ndugu wote walioahidiwa walisalimiwa, na yule mama aliyekimbia alimalizia habari zake akiwa amekaa. Ila ndugu wa kwenye miteremko ya jana leo walikuwa kwenye milima. Shangazi alianza kuwaahidi nao, halafu akachoka, akasema harusini atakuja na basi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa nadhani nikipata gari nitapunguza kuongea na watu, maana nitakuwa ndani na vioo vimefungwa. Si kweli. Mwenye gari anasalimiwa na nchi nzima, na kila mtu anataka ajibiwe. Na nimejifunza kwamba nyumba ya mtu aliyekaa mlimani huwezi kuiingia kwa kujificha.

Sherehe ni baada ya mavuno. Dereva wa lori hajarudi kutoka Dodoma, na kumuuliza mtu ana kwa ana siwezi. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama kuna anayejua jinsi ya kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, miguu miwili ikiwa na kazi ya pedali tatu, aniandikie. Barua iachwe kwa Petro. Aeleze polepole, aanze na mguu wa kushoto, na kama anaweza achore.