Nuala, Basi Lake na Msiba wa Packie Considine

Binti yangu Nuala alishika usukani wa trekta ya babake akiwa na miaka kumi na mmoja, na siku hiyo hiyo aligonga nguzo ya lango letu. Nguzo ile imeinama mpaka leo. Kwa hiyo aliponiambia, na miaka yake ishirini na saba, kwamba ameacha kazi ya benki ili aendeshe basi la watalii, wasiwasi wangu haukuwa wa bure. Mimi wasiwasi wangu huwa na ushahidi.

Mtihani wa udereva alifeli mara mbili. Alipofaulu, kampuni ya Mulqueen kule Limerick ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwezi wa pili alichelewa kwa ajili ya kondoo waliojaa barabarani, akaambiwa akichelewa tena arudi benki. Siku ya mwisho ya majaribio angepanda naye Bi Concepta, dada wa tajiri, na saa yake na daftari lake. Nikamwambia Nuala nami nitapanda.

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Sijawahi kuyaona majabali ya Moher mnakowapeleka watalii."

"Mama, umezaliwa maili ishirini kutoka pale."

"Ndiyo maana."

Akanikubalia kwa masharti. Nikae nyuma, ninyamaze, nisimwambie mtu kuwa mimi ni mamake. Nilikaa nyuma na chupa yangu ya chai. Tulipofika Ennis nilikuwa nimewaambia watu wanane tu.

Abiria walikuwa arobaini na mmoja, Wamarekani na Wajerumani, wengi wao wazee. Nuala alikuwa anaongea kwenye kipaza sauti huku anaendesha. "Kulia kwenu ni ng'ombe wa bwana mmoja. Kushoto ni ng'ombe wa jirani yake. Hawa mabwana hawajasalimiana tangu mwaka themanini na nne. Ng'ombe wanasalimiana." Watu wakacheka. Bi Concepta hakucheka, aliandika. Pale Ennis walipewa dakika ishirini wanunue sweta, wakarudi wamelowa. Mmarekani mmoja aliniuliza kama huku mvua inanyesha kila siku.

"Hii si mvua, bwana," nilimwambia. "Mvua utaijua."

Tulitakiwa kufika majabalini saa saba mchana. Saa sita na nusu tukaingia kijiji cha Kilnabrack, kwenye ile barabara nyembamba inayopita kanisani, tukakuta gari la maiti limesimama katikati ya njia. Jeneza lilikuwa bado langoni, na wafiwa wamejipanga wakipewa mikono. Kwetu jeneza halipitwi, wala halipigiwi honi. Nuala alizima injini akafanya ishara ya msalaba.

"Saa saba, dereva," alisema Bi Concepta.

"Naijua saa, Bi Concepta. Lakini marehemu yuko mbele."

Nilifungua kidirisha nikamuuliza mzee aliyesimama nje ni nani aliyekufa. Akasema Packie Considine. Nilimjua. Aliwahi kumuuzia mume wangu farasi akaapa kuwa ni mzima, kumbe jicho moja halioni. Nikahesabu watu waliokuja kumzika. Kumi na tisa, na wawili kati yao walikuwa wachimba kaburi. Mjane wake, Attracta, alikuwa akitazama barabara kama mtu anayengoja wageni ambao anajua hawaji. Huku kwetu mtu hupimwa siku hiyo, kwa wingi wa watu nyuma ya jeneza, na kipimo kile kinasemwa miaka. Nikajiambia, dakika moja tu, nimpe mkono nirudi.

Nikashuka. Sikutazama nyuma, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu. Abiria waliponiona nimeinuka kwa uhakika vile, walidhani ni sehemu ya safari, wakachukua miamvuli yao wakanifuata. Wote arobaini na mmoja.

"Pole, Attracta," nilisema.

"Asante, Mama Nuala. Na hawa?"

"Tumekuja pamoja." Na hilo si uongo.

Wakapita mmoja mmoja. Yule Mmarekani akaushika mkono wa mjane. "Pole sana, mama. Marehemu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Kugombana," alisema Attracta.

Mzee wa Kijerumani alifika kwake akashindwa kusema. Mke wake alikuwa amefariki majira ya kuchipua ya mwaka ule, aliniambia kwenye basi. Alimshika mkono tu, akalia, naye Attracta, ambaye alikuwa hajalia, akalia. Kaka wa Attracta akaninong'oneza, "Packie hakuniambia kama ana rafiki Ujerumani."

"Packie aliwahi kukuambia nini wewe?" nilimjibu.

Hapo ndipo nilipogeuka nikaliona basi. Nuala alikuwa kwenye usukani, mweupe kama maziwa, na Bi Concepta nyuma yake na saa mkononi. Miezi mitatu ya mwanangu nilikuwa nimeimwaga barabarani kwa mikono yangu mwenyewe.

Lakini kijiji kizima sasa kilikuwa kinamtazama Bi Concepta kupitia kioo, mwanamke peke yake aliyekaa mlangoni pa msiba bila kushuka. Padri pia alimtazama. Alivumilia dakika nne. Kisha akafunga kitambaa kichwani, akashuka, akaingia mstarini. Baada ya kuzika kulikuwa na chai na mikate ya nyama ya nguruwe katika ukumbi wa kanisa, na kuikataa chai ya msiba ni kumkataa maiti. Bi Concepta alikula mikate minne.

Tulifika majabalini saa nane na nusu, na ukungu umefunika kila kitu. "Mbele yenu kuna majabali," alisema Nuala kwenye kipaza sauti. "Mtaniamini tu."

Tuliporudi Limerick, Bi Concepta alimwita. "Nitaandika kuwa barabara ilifungwa."

"Ilifungwa kweli."

"Ilifungwa. Mikate haina haja ya kuandikwa." Akanitupia jicho. "Yule mwanamke wa nyuma ni mama yako?"

"Simjui," alisema Nuala.

Sasa yuko kazini mwaka wa pili. Abiria wale walituma barua, na hakuna aliyeuliza habari za majabali. Wawili waliuliza mazishi mengine ni lini. Kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo redioni, Nuala hunipigia simu. "Nani kafa, mama, na wapi?" Namtajia, naye hupita njia nyingine.

Wiki iliyopita aliyekufa alikuwa mzee Tadhg Meaney wa kule Inagh, asiye na mke, wala mtoto, wala ndugu. Nilimwambia Nuala barabara ya Inagh haina msiba. Siku hiyo alikuwa na abiria arobaini na wanane.